Bili Iliyokataa Kushuka

Mwezi wa kwanza baada ya mdogo wake kuondoka, Karani aliingojea bili ya umeme jinsi watu wengine wanavyongojea mshahara. Alijua itashuka. Ilikuwa lazima ishuke, la sivyo yeye atakuwa mtu wa namna gani? Ikaja ile ile, tena imepanda kidogo. Akajipa moyo kwamba labda ni mabaki ya mwezi uliopita. Mwezi wa pili ikaja ile ile. Ya mwezi wa tatu hakuifungua siku mbili nzima, kwa sababu alishaanza kuelewa.

Maana huyo mdogo wake hakuondoka kwa hiari yake. Alifukuzwa, tuseme ukweli, hata kama Karani mwenyewe neno hilo hakulitamka. Walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyelifunga tumbo la mama yao. Mama alipozidiwa alimshika Karani mkono akamwambia, huyu kuanzia leo si mdogo wako, ni mwanao. Karani akaitikia, akamchukua, wakaishi pamoja chumba na sebule miaka sita bila neno. Kitinda alikuwa mtu wa vibarua, leo yupo kazini, kesho hana, na siku asizokuwa na kazi alishinda nyumbani.

Zamani nyumba ile yenye milango minne ilikuwa na mita moja, na Bibi Mwenye Nyumba akigawa bili sawasawa kwa wapangaji, manung'uniko yakiwa ya kawaida. Kisha watu wa umeme wakaja wakafunga sanduku la chuma ukutani, ndani yake mita nne zenye namba, kila mlango na yake. Watu wakashangilia. Wa kwanza kujuta akawa Karani. Taa mbili, feni na redio, lakini bili ya mwezi ikamjia ya kutisha, utadhani anayeyusha vyuma mle ndani.

Sasa Karani ni karani wa masjala ya hospitali, na ukikaa miaka ishirini na mbili katikati ya mafaili unaanza kuamini kwamba jambo lisiloandikwa halikutokea. Akapiga hesabu zake: mimi natoka asubuhi narudi jioni, anayeshinda hapa ni mmoja. Akamuuliza mdogo wake mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa ukali. Kitinda akasema hawashi kitu, mchana yeye yuko barazani. Mara ya tatu Karani akatoa bili zote, amezitoboa na kuzifunga kwa mpangilio wa miezi, akazisoma moja moja kwa sauti. Akasema hapa ndani kuna mtu anapigia watu pasi kwa malipo, au anachomelea, au anafanya anachojua mwenyewe, na maandishi hayana sababu ya kumsingizia. Kitinda alimsikiliza mpaka mwisho. Kesho yake Karani aliporudi kutoka kazini alikuta kitanda kimetandikwa na begi halipo. Simu ya Kitinda tangu siku hiyo ikaita bila kupokelewa.

Basi mwezi wa nne, jioni moja, Karani alizima kila kitu. Taa, feni, redio, hata chaja ya simu akaichomoa. Akaenda kwenye sanduku la mita akaitazama namba mbili, ile anayolipia. Kitaa chake chekundu kilikuwa kinapepesa haraka haraka, hakina habari kwamba nyumbani kwake kumezimwa. Alisimama pale mpaka mbu wakamchoka. Hakuiwaza hela hata kidogo. Alichowaza ni kwamba amemwita mtoto wa mama yake mwizi, na mwizi hakuwepo.

Wewe na mimi tungekwenda usiku huo huo kumtafuta huyo mdogo mtu tukamwomba radhi. Karani hakwenda. Alisema hawezi kwenda mikono mitupu. Anataka kwanza karatasi yenye muhuri, inayosema wazi kwamba kosa si la Kitinda, ndipo aende akaiweke mbele yake. Hivyo ndivyo alivyoumbwa, na ndivyo alivyojitafutia kuchoka.

Ofisi ya umeme ilikuwa na madirisha matano na foleni moja. Siku ya kwanza, dirisha la tatu, kijana wa shati jeupe alimwambia mita haisemi uongo. Akamshauri apunguze matumizi. Siku ya pili akaambiwa alete risiti zote, akazitoa palepale, kwa mpangilio wa miezi, yule kijana akaonekana kuumia kidogo. Siku ya tatu akaambiwa alete barua ya mwenye nyumba, kwa sababu akaunti zote nne zina jina lake. Bibi Mwenye Nyumba akakataa kuandika mpaka aelezwe vizuri, na kumweleza Bibi kitu vizuri ni kazi ya siku mbili. Siku ya nne barua anayo, risiti anazo, akafika dirishani akaambiwa faili halionekani, njoo kesho.

Faili halionekani, njoo kesho. Maneno hayo Karani ndiye bingwa wake, kule masjala. Amewaambia wagonjwa, amewaambia wajane, amewaambia watu waliopanda magari mawili kufika, tena akisema hata macho hainui. Siku zote aliamini ni taarifa tu, kama kusema leo ni Jumanne. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Ruhusa kazini zilikuwa zimekwisha, bosi ameshaanza kumuuliza kama amepata kazi ya pili.

Faili lilionekana safari ya sita. Wiki mbili baadaye akaja fundi, mwanamke wa makamo, buti zimechakaa, uso wa mtu aliyeanza kazi kabla ya wenzake kuamka. Karani akaanza kumweleza tangu mwanzo, na faili lake mkononi. Fundi akamsikiliza nusu, kisha akauliza mlango namba mbili ni upi.

"Huu hapa," akasema Bibi Mwenye Nyumba, akionyesha mlango wa Karani. "Wa kwanza wangu, wa pili wake, wa tatu wa Mama Barafu, wa nne, pale getini, wa yule mlinzi wa shule."

"Bibi, mnahesabu kuanzia wapi?"

"Kwangu. Tuanzie kwa nani tena? Nyumba huhesabiwa kuanzia kwa mwenyewe. Kuanzia getini ni hesabu ya mwizi."

Fundi akafumba macho kidogo, akapumua. Akasema wao huhesabu kuanzia getini, kila nyumba, tangu aanze kazi. Akafungua sanduku, akaishusha swichi ya mita namba mbili. Feni ya Karani ikaendelea kuzunguka bila wasiwasi wowote. Lakini kwenye mlango wa tatu, friza kubwa la Mama Barafu, lile ambalo ngurumo yake walishaizoea mpaka hawaisikii, likanyamaza.

Kumbe jambo lenyewe ndilo hilo. Msoma mita huleta bili nne, anampa Bibi kwa heshima ya utu uzima wake, na Bibi anazigawa kwa hesabu yake: namba moja anajiwekea, mbili kwa Karani, tatu kwa Mama Barafu, nne kwa mlinzi. Yeye na mlinzi kila mmoja ana taa moja na redio, wamebadilishana bili mwaka na zaidi hawana hili wala lile. Karani ndiye aliyekuwa akiligharamia friza la jirani, linalogandisha barafu na juisi za mtaa mzima usiku na mchana. Mama Barafu naye alikuwa akilipa taa mbili na feni, na amekuwa akilisifu friza lake kwa kila mteja kwamba hili halili umeme kabisa. Alipoulizwa kama hakushangaa, akasema alishangaa, ila alidhani ni baraka, na baraka mtu haiulizi maswali. Bibi akasema na hao watu wa umeme nao wangekuwa na adabu wangeuliza mkubwa wa nyumba ni nani kabla ya kubandika namba zao.

Karani hakuwa na nguvu ya kugombana na mtu. Mama Barafu akapangiwa kumlipa deni lake kidogo kidogo, akaacha kumsalimia. Sawa. Ofisi ikamwandikia barua ya kukiri kwamba mlango wake ulikuwa ukipewa bili isiyo yake, ikapigwa mihuri miwili. Akaipiga nakala tatu, hata hajui kwa nini tatu, akaanza kuulizia mdogo wake alipo. Akasikia yuko kwenye karakana moja ya makochi, nyuma ya soko la mbao.

Alimkuta amepiga magoti mbele ya fremu ya kochi, misumari mdomoni, anavuta kitambaa. Amekonda. Karani alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima, lakini alipomwona yakampotea yote, akafanya kile anachokiweza: akatoa bahasha. Kitinda akaitema misumari kiganjani, akajifuta mikono kwenye suruali, akaisoma barua taratibu mpaka chini kwenye mihuri. Akaikunja vizuri kama ilivyokuwa, akamrudishia.

"Na hii karatasi ingesema ni mimi," akauliza, "ungekuja?"

Hakuuliza kwa hasira, na hilo ndilo lililomshinda Karani. Hasira angeijibu. Alitaka kusema ningekuja, wewe ni mwanangu, mama aliniachia wewe. Lakini alikuwa amechoka, amechoka na foleni na madirisha na njoo kesho, na amechoka zaidi na yeye mwenyewe, na uongo nao unahitaji nguvu.

"Nisingekuja," akasema.

Kitinda akatikisa kichwa kukubali. Akairudisha misumari mdomoni, akashika nyundo, akaendelea pale alipoachia. Karani akabaki amesimama katikati ya pamba na vumbi la mbao, bahasha mkononi, hajui aondoke vipi. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, akijiambia ni vumbi.

Mwenye karakana akatokea kwa nyuma, mzee mfupi mwenye kalamu ya risasi sikioni, akamtazama juu mpaka chini, akauliza kwa sauti huyu ni mteja au ni nani.

Nyundo ikapiga mara mbili, ikatulia. Kitinda hakugeuka.

"Ni kaka yangu," akasema, misumari ikiwa bado mdomoni. "Mpe pa kukaa."

Makochi yote mle ndani yalikuwa fremu tupu, hayajawekewa hata springi. Karani akakaa kwenye ubao wa mbele wa mojawapo, bahasha akaiweka chini, akamwangalia mdogo wake akifanya kazi mpaka saa ya kufunga.