Wagonjwa Bandia

“Babu Skripti! Njoo usome, nifute!”

Fundi wa kompyuta alicheka. Jina hilo alipewa na Mama Picha, mkuu wa chumba cha eksirei, kwa kuwa alianza masomo ya jioni ya kompyuta akiwa na mvi. Chumba hicho kilikuwa na kanuni yake: hakuna anayefuta kitu peke yake. Mmoja huandika, mwenzake husoma kwa sauti, na akisema “ndiyo” ndipo Enter hubonyezwa.

Leo walikuwa wanafuta picha za mazoezi kwa skripti, programu fupi ya amri aliyoitunga fundi. Ukiandika herufi mbili za kwanza za jina la folda na kubonyeza Tab, kompyuta hukumalizia jina. Mezani kwake ilifanya kazi bila kasoro.

“Nimeandika ‘wa’, imemalizia yenyewe,” alisema Mama Picha, kidole kikielea juu ya Enter. “Haya, fanya upesi. Kuna mtoto anaingia upasuaji, daktari anangoja picha yake.”

Fundi alifungua kinywa asome wagonjwa-bandia, jina la folda ya mazoezi. Kwenye kioo paliandikwa /wagonjwa, basi.

Hiyo ilikuwa folda ya wagonjwa wa kweli, wote, na huyo mtoto akiwemo. Diski ya akiba yenye nakala za picha hizo bado ilikuwa kwa mtengenezaji.

“Mbona husomi? Ndiyo au siyo?”

“Siyo! Toa mkono, mama! Toa!”

Mama Picha aliruka kama aliyeguswa na kaa la moto. Fundi akaufuta mstari herufi moja moja, moyoni akiomba: Ee Mungu, usiache mkono huu uteleze.

Kisha akaelewa. Anwani ya folda ya mazoezi aliibebesha jina FOLDA, lakini jina hilo alilijaza kwenye kompyuta yake tu, si ndani ya skripti. Hapa FOLDA ilikuwa tupu. Ukabaki mkwaju peke yake, ile alama / inayofuata jina hilo, na mkwaju mtupu ni mlango wa mashine nzima.

“Kosa ni langu,” alisema. Akaijaza anwani ndani ya skripti, akaongeza amri: FOLDA ikiwa tupu, kataa.

Mama Picha alijaribu upya. Kioo kikaonyesha wagonjwa-bandia. Akasogeza kiti.

“Sasa bonyeza wewe. Mimi nasoma.”

Alisoma polepole, akasema, “Ndiyo.”

Kidole cha fundi hakikushuka.

“Soma tena, mama,” alisema. “Tafadhali.”