Kinga za Kuazima

Mtoto hakuwa na jino hata moja, kwa hiyo nyumba nzima ilimwita Kibogoyo, naye aliitika kwa kucheka. Siku ya kurudi kliniki alicheka peke yake.

Mama yake alipokuwa mjamzito, alikutwa na kaswende. Alichomwa sindano zote, mumewe naye akachomwa, wakadhani yamekwisha. Kumbe bado. Kibogoyo alipozaliwa, damu yake nayo ikaonyesha chanya. "Ana kingamwili, tutazifuatilia," daktari alisema, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mama mkwe akadaka neno moja tu, kinga, akalitangaza mtaa mzima.

"Mjukuu wangu kazaliwa na kinga. Wenzake wataugua, yeye atawatazama tu."

Mama wa Kibogoyo yeye alilisikia lile neno chanya, likamrudia kila alipomnyonyesha mtoto. Aliogopa kwamba amemrithisha mwanawe maradhi kabla hata ya kumpa jina. Hofu hiyo hakumwambia mtu.

Leo, mtaalamu wa maabara, mwanamke mwenye mdomo mkali kuliko sindano zake, alipomaliza kumtoa mtoto damu, mama alishindwa kuvumilia.

"Dada, niambie ukweli. Mwanangu anaumwa?"

"Kingamwili ni askari wa mwili. Askari wako walipigana na kaswende, kisha wakapita kwenye kondo la nyuma wakaingia kwa mtoto. Kipimo kinawaona askari, hakiwaulizi kwao wapi."

"Sasa tutajuaje?"

"Kingamwili za kuazima hupungua mpaka zikaisha. Zikipanda, ni zake mwenyewe, basi anaumwa na tutamtibu. Ndiyo maana tunawaita kila mara."

Mama mkwe, aliyewasindikiza, alikohoa. "Kwa hiyo hiyo kinga ninayojisifia ni ya kuazima?"

"Ndiyo, mama."

"Ama kweli, nguo ya kuazima haisitiri matako. Na mtaa mzima nimeshawaambia."

Mama alicheka bila kutaka. Wakakaa kwenye benchi la korido, bibi akimpakata mjukuu, Kibogoyo akitafuna kidole cha bibi yake. Mama alitazama mlango wa maabara mpaka macho yakamuuma.

Mtaalamu alitoka na karatasi. "Alipozaliwa, kingamwili zake zilikuwa chache kuliko zako. Mara iliyopita zikashuka. Leo sioni kitu."

Mama alishaumwa na maneno, hakutaka kubahatisha. "Huoni kitu, maana yake nini?"

"Maana yake hana kaswende. Zilikuwa zako, na zimekwisha."

Mama akalia palepale, kilio cha furaha, wala hakujali nani anamtazama. Mama mkwe alitaka kumshika bega, mara Kibogoyo akamng'ata kidole, akauvuta mkono wake kwa maumivu. Alimfungua mtoto mdomo, akapapasa ufizi wa chini, akagusa kitu kigumu, kidogo kama punje ya mchele.

"Hili ni lake," alisema. "Hajaazima kwa mtu."