Waya Kwenye Tawi la Kindi

Ulipita mbele ya lile kabati la kioo, usikatae. Ulisimama, ukasema "ona kindi", ukaona katikati ya tawi kuna waya umechomoza mtupu. Ukajua kuna aliyetolewa, maana hakuna anayechomeka waya kwenye tawi kwa kujifurahisha. Kisha ukageuza shingo ukaenda kumtazama simba, kwa sababu simba ana mdomo wazi na hakuulizi kitu. Leo huendi kwa simba. Kaa hapa usikie alitolewa nani.

Aliyetengeneza kabati lile ni mwanamke ambaye jumba zima la makumbusho lilimwita Sindano, kwa ajili ya kazi yake na, walivyosema wenye kuumwa naye, kwa ajili ya ulimi wake. Kazi yake ilikuwa kujaza ngozi za wanyama waliokufa wakaonekana kama wamenyamaza tu kidogo. Msimu ule upepo uliangusha mti kwenye bustani ya mji, na watunza bustani wakamletea boksi lenye kindi wanne waliokutwa chini ya matawi: mama wa kijivu na watoto watatu walioanza kujaa manyoya. Wawili walikuwa wa kijivu kama mama yao. Wa tatu alikuwa mweupe, mkia hadi sharubu.

Sindano alimshughulikia yule mweupe muda mrefu kuliko wenzake. Akapitisha waya mwilini hadi unyayoni, akauchomeka kwenye tawi katikati ya ndugu zake, chini ya kidevu cha mama. Kisha akampigia simu mdogo wake.

"Mdogo wangu, nimekuweka kwenye kabati."

"Kwani nimekufa lini, dada, mbona hamkuniambia?"

Wakacheka wote wawili. Sindano akamweleza kuhusu kindi.

"Huyo mweupe umembandika pembeni," mdogo wake akasema. Hakuwa anauliza.

"Yuko kati. Mama yake amemwekea kidevu kichwani."

Upande wa pili zikasikika simu za watu wengine zikiita. Mdogo mtu, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi, alifanya kazi ya kupokea simu kwenye kampuni ya usafirishaji, mji wa mbali. Wateja walimjua kwa sauti. Sura hawakuijua, naye alisema hapo ndipo palipomfaa.

"Mnafungua lini?"

"Jumamosi asubuhi."

"Nitajaribu. Ila mama asijue. Nikiishia njiani, asije akapika bure."

Kitinda alizaliwa na ualbino. Nyumbani kwao hakuna aliyempiga wala kumtukana kwa hilo, na ukiwauliza watakuapia hivyo hadi leo. Ukutani sebuleni picha zilibanana kama abiria: baba na mama, Sindano na kaka zake, harusi, sikukuu, mtoto wa nani kafaulu nini. Kitinda hakuwemo hata kwenye moja. Kila watu walipojipanga, mama alisema, "Mpeni Kitinda kamera, ana mkono uliotulia." Ilikuwa sifa, na nani agombane na sifa? Macho yake hayakuona mbali, jua lilimfanya akunje uso wote, na bado ndiye waliyempa kazi ya kutazama. Vichwa vilipotoka vimekatwa, walimtania, naye akataniwa akacheka. Alipokuwa mkubwa akaondoka na sanduku moja. Dada yake alipombembeleza arudi hata kusalimia, alijibu, "Nitakuja siku nitakapokuwa na mahali pa kusimama." Miaka ikapita juu ya neno hilo, na Sindano akawa mtu wa kutega sikio mlango ukigongwa.

Siku moja kabla ya kabati kufunguliwa kwa wageni, mkuu wa makumbusho alishuka chumba cha kazi, mikono nyuma.

"Sindano, umefanya kazi ya maana. Ila huyu umpake rangi."

Amri yenyewe haikuwa ngeni. Mwanga wa madirisha hupausha manyoya, na ilikuwa desturi ya chumba kile kurudishia kwa brashi. Hata simba unayemkimbilia ana rangi ya Sindano puani.

"Hajapauka, Mkuu. Alizaliwa hivi."

"Najua alizaliwa hivi. Kabati limeandikwa Familia ya Kindi. Familia ifanane."

"Amekutwa na mama yake, mti mmoja, upepo mmoja. Afanane nao nini tena?"

"Watu watauliza."

"Si ndiyo tumefungua milango waulize?"

Mkuu akavuta kiti. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo hasira inapokaa. Ni yeye aliyemfundisha Sindano kazi hii. Alimwekea unyoya mmoja wa kindi chini ya lenzi, akamwonyesha kwamba kijivu hakimo: chini mweusi, katikati hudhurungi, ncha nyeupe, jicho la mtu ndilo linalovichanganya. Alimwambia kwamba manyoya ya wanyama wote wanaonyonyesha, chui kwa panya, farasi kwa popo, hupata rangi kwenye vyungu viwili tu, kimoja cha weusi na hudhurungi, kingine cha wekundu na manjano. Mwingine hupewa rangi nyingi, mwingine kidogo, mwingine hapewi kabisa, na mama yao ni yuleyule.

"Vyungu viwili, Mkuu," Sindano akasema. "Maneno yako."

"Nakumbuka maneno yangu. Kesho kuna wageni na hotuba. Mpake, au mtoe."

Alipotoka, Sindano alichanganya kijivu kizuri, akachovya brashi, akaileta hadi kwenye sikio jeupe. Mkono wake haukutikisika hata kidogo. Ni kule kutulia kulikomshtua, akamsikia mama yake akiusifu mkono uliotulia. Akaiosha brashi, akamwacha mtoto alivyo.

Jumamosi alikuta waya mtupu. Mkuu alikuwa amewahi kuja akamng'oa mwenyewe. Na mbele ya kioo, kofia pana mkononi, pua imekaribia kugusa kwa kuwa ndivyo alivyoweza kuona, alisimama Kitinda.

"Umenipatia, dada," akasema bila kugeuka. "Ndiyo mimi kabisa huyu."

Sindano alishuka chumba cha kazi, akavuta droo, akamtoa yule mweupe kati ya makaratasi, akapanda naye mkononi. Hotuba ilikuwa imeshika kasi. Akapita katikati ya wageni, samahani, samahani mzee wangu, akafungua kioo, akamrudisha kwenye waya wake, kidevu cha mama kichwani.

"Mbona yule mweupe?" mtoto mmoja akauliza kwa sauti.

"Alizaliwa hivyo," mama yake akamjibu.

Ikaishia hapo. Jumba halikuanguka. Mkuu akamalizia hotuba, akawaita wafanyakazi na jamaa zao wapige picha mbele ya kabati. Watu wakajipanga. Na Kitinda, bila kuombwa na mtu yeyote, akanyoosha mkono.

"Leteni kamera, nipige mimi."

Sindano aliushika ule mkono akaurudisha chini.

"Mkuu, piga wewe. Huyu anasimama kati."

Mkuu alipokea kamera kama mtu aliyepewa mtoto mchanga aliyelowa. Akarudi nyuma, akabonyeza. Mchana uleule Kitinda akapanda basi kurudi kwake.

Picha hiyo sasa iko ukutani kwa mama yao. Mama aliishika muda mrefu, akapitisha kidole usoni pa binti yake.

"Kitinda kafumba macho," akasema. "Mwambie aje tupige nyingine."

Sindano alifikisha ujumbe. "Aniambie mwenyewe," Kitinda akajibu, tena kwa upole. Tangu siku hiyo mama huichukua simu, huitazama, huirudisha mezani, husema mwanangu atakuwa kazini. Na Jumatatu baada ya ufunguzi, Mkuu alimrudisha kindi mweupe drooni. Sindano aliukuta waya, akakataa kuukata. Ndio huo ulioupita.

Ukutani kwenu pia kuna aliyeshika kamera. Usijifanye unamtafuta, jina lake limekuja kabla sijamaliza kusema. Ukirudi kwenye lile kabati, simama hapohapo uulize mtoto wa tatu yuko wapi, na usiondoke hadi droo ifunguliwe. Lakini hilo ni la kesho. Simu unayo. Mpigie sasa, akiwa kazini au hayuko, umwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba aje asimame kati.