Nyaya za Apenisa

Kazi ya kutunza nyaya za spika za kanisa ilikuwa ya Apenisa tangu kijiji chao katika kisiwa cha Kadavu, Fiji, kipate spika. Kiharusi kilipompooza mkono wa kushoto, wanawe walichukua shamba na mtumbwi. Akabaki na nyaya tu.

Ijumaa, baada ya mazoezi ya kwaya, Litiana mkewe alimwona anavyohangaika kuzikunjia pajani kwa mkono mmoja, jasho linamtoka. Alipomaliza, vitanzi vilikuwa vimelegea, vinaning'inia. Litiana roho ikamuuma. Akamwacha mume atangulie nyumbani, kisha akazitoa nyaya zote sandukuni na kuzizungusha upya kwenye kiganja na kiwiko, akizikaza kwelikweli, kama baba yake huko visiwa vya Lau alivyokuwa akikunja magimagi, kamba ya nyuzi za nazi. Zikatoka mabunda magumu, ya kupendeza macho. Akaenda zake ameridhika, mama wa watu.

Jumapili ibada ilikuwa uwanjani, na wageni walijaa. Apenisa alifungua sanduku, akayakodolea macho yale mabunda, kisha akarusha waya wa kwanza. Siku zote nyaya zake zilikimbia nyasini zimenyooka hadi kwenye spika. Huu ulifika katikati ukajisokota, ukawa rundo. Wa pili vilevile. Mwishowe kwaya ikaimba bila spika.

Baada ya chakula Apenisa alimkabidhi mchungaji ufunguo wa sanduku. Alisema hakumbuki kabisa kukunja nyaya namna ile. Ugonjwa umeshapanda kichwani, na kesho huenda akasahau majina ya wajukuu. Mchungaji akambembeleza, lakini mzee alitazama chini.

Litiana alikuwa amebeba sinia la magimbi. Aliona aibu, ila hofu iliyokuwa usoni mwa mumewe ilimuumiza zaidi. Akalitua sinia.

"Baba Vilimoni, ni mimi. Nilizikunja upya. Nilikuonea huruma."

Apenisa akamgeukia. "Kama magimagi?"

"Kama magimagi."

"Mama Vilimoni, umenizika mzima mzima."

Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, akauchukua ufunguo wake mkononi mwa mchungaji bila hata kuomba.

Jioni walikaa kando ya sanduku. Akamweleza kwamba waya ukiukaza unajisokota kwa ndani. Kitanzi kimoja unakilaza kawaida, kinachofuata unageuza kiganja, ili kila kimoja kifungue msokoto wa mwenzake. Na usivivute, viache vilegee. Litiana alikosea, akachapwa kidogo kidoleni, akarudia. Alipoweza, akasema basi mumewe apumzike, kuanzia sasa atazikunja yeye.

"Hapana," alisema Apenisa. "Huruma yako naitaka, ila usinifanyie kazi yangu. Wewe shika tu hapa, uwe mkono wangu wa kushoto."

Litiana akafungua kiganja, na mumewe akamwekea kitanzi cha kwanza.