Boti Isiyo na Mashine

Mashine ya boti ya Erasto ililetwa asubuhi kwenye karakana ya fundi Dadi, pale Kasingirima, Ujiji. Wapagazi waliibeba wakaifunga kwenye ukingo wa pipa la maji ambamo Dadi hujaribia kazi zake.

"Inakohoa," Erasto alisema. "Njia nzima imekuja ikikatakata."

Nyuma yake alikuja mwanamke aliyelowa kitenge mpaka magotini. Alikuwa Honorata, kutoka Baraka, upande wa Zaire. Mwaka huo wa tisini na sita watu walikuwa wakivuka kila siku kukimbia vita, na ufuko wa Ujiji ulikwisha zoea kuwapokea. Dadi alimsogezea kigoda. Hakukaa.

"Papa, boti zilikuwa mbili," alisema. "Moja ya marobota, moja ya watu. Mimi nilikosa nafasi kwa watu, wakaniweka juu ya marobota. Mashine yetu ikakufa katikati ya ziwa. Huyu akavua ile ya watu, akaifunga kwetu. Mama yangu na mutoto wangu wamebaki kule."

"Niliwaambia nitawarudia," Erasto alisema. "Sasa nitarudi na mashine mbovu, mzee? Itengeneze kwanza."

Akaondoka kwenda kusimamia marobota yake yakipakuliwa.

Hasna, mke wa Dadi, alishuka ufukoni kuomba watu waende kuwatafuta wale waliobaki. Wavuvi walimuuliza waanzie wapi, na ziwa lenyewe ndilo lile. Wakati huo Dadi alikuwa amekwisha fungua mpira wa mafuta. Petroli iliyotoka ilikuwa na maji. Aliyaona yametulia chini ya kopo, meupe. Akamwaga yote. Akafungua kabureta, akapuliza vitundu vyake, akasugua plagi, akachanganya petroli mpya na oili, akaichuja kwa kitambaa. Kisha akavuta kamba. Mashine iliwaka. Akalegeza skrubu ya sailensi mpaka mlio ukashuka na kutulia, ndipo akaingiza gia.

Propela ilizunguka, lakini maji ya pipa hayakuchafuka. Yalikaa kimya kama chai kikombeni, ila yakawa yanapungua taratibu. Dadi alitia kidole. Yalikuwa baridi, baridi ya maji ya katikati ya ziwa. Baada ya kitambo, ndala ya njano ya mtoto iliibuka juu.

Honorata aliiokota akaikung'uta. "Hii ni ya Regina," alisema. "Mutoto wangu."

"Basi bado inawasukuma kule ziwani," Dadi alisema. "Tusiizime."

Jua lilipokwisha panda, Hasna alirudi na mvuvi mmoja, Martini, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametia nanga. Martini alisema ameipita boti iliyojaa watu, haina mashine, na inakata maji vizuri na povu nyuma yake. Aliwapungia mkono, nao wakampungia.

"Ila wanapotea," aliongeza. "Wanaelekea kusini, kwenye rasi ya Kabogo. Huko watakuta nini?"

Dadi aliusukuma mkono wa usukani upande wa kulia ili boti ikate kushoto, kuja huku. Martini akarudi ufukoni kuangalia. Majirani walileta ndoo za maji, maana pipa lilikuwa linakauka, na kila aliyekuwa na petroli ndani alileta kidogo. Dadi aliichuja yote, hata ya rafiki zake. Honorata alishika mkono wa usukani pamoja naye. Alisema anausikia uzito wao.

"Mama yangu ni munene," alisema, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Adhuhuri ilipopita, Erasto alikuja kuchukua mashine yake.

"Bado," Dadi alimwambia. "Inawaleta watu wako."

Erasto alichungulia ndani ya pipa, akasikiliza mlio. "Umeitengeneza sawasawa," alisema. "Afadhali. Wameniondolea safari." Akakaa kwenye kile kigoda akaagiza kahawa.

Kutoka ufukoni Martini alianza kupiga kelele. Kushoto kidogo! Hapo hapo! Punguza! Dadi alipunguza moto. Mara mashine iliruka mikononi mwao, propela ikakwaruza mchanga, ingawa chini ya pipa kulikuwa na bati tupu. Dadi akaizima, akainyanyua mkia. Honorata alikuwa amekwisha toka mbio.

Watu wote walikuwamo botini. Walikuwa na kiu, na mama yake Honorata, bibi Rozalia, alilalamika kwamba dereva alikuwa anapinda ovyo mwanzoni. Regina alikuwa na ndala moja. Honorata alimbeba akawa anamnusa kichwani, akambeba hivyo hivyo mpaka lori la kuwapeleka kambini lilipofika, na hata ndani ya lori hakumweka chini.

Erasto alimpa Dadi mkono wa shukrani, akaifunga mashine kwenye boti moja. Ile nyingine, ambayo mashine yake ilikuwa imekufa, aliifunga kamba nyuma. Huko Baraka watu walikuwa bado wanangoja.

"Usiivue tena njiani," Dadi alimwambia.

"Sitaivua, mzee. Labda ilazimu. Na hata ikilazimu, si umeona? Wanafika."

Vijana wa ufukoni wakazisukuma boti majini, wakamtakia safari njema.

Dadi alirudi nyumbani akiwa mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Alikula migebuka kwa ugali, akaongeza ugali. Hasna alimngoja amalize.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Boti mbili na mashine moja?"

"Moja."

Hasna alimmiminia maji ya kunawa. "Basi kesho ufungue karakana mapema," alisema.