Mjomba Asiyesalimia

Video ya harusi ya dada Recho ilikuwa kwenye kompyuta moja tu duniani: ya kwangu, hapa steshenari Buzebazeba. Kamera yenyewe ilizama ziwani siku ileile ya harusi, nikiwa nimeshaihamisha video, na hiyo ni kesi nyingine. Nilikuwa nimeihariri wiki tatu. Jumamosi ukoo mzima ungekuja kuitazama.

Alhamisi asubuhi ikaingia barua pepe ya mjomba Gervasi, mwalimu kule Simbo. Mama alikuwa mlangoni akichambua dagaa.

"Mama, kaka yako katuma picha za harusi!"

"Hebu soma."

"'Picha zako hizi hapa. Fungua sasa hivi kabla hazijafutwa.'"

"Endelea."

"Imeisha."

Mama akaacha dagaa. "Salamu iko wapi?"

"Mama, hii ni barua pepe..."

"Toa kidole hapo! Gervasi jiko lake liliposhika moto alinipigia. Akaanza na salamu ya kwetu, 'Mwakeye', akauliza magoti yangu, akauliza mbuzi, ndipo akasema, 'Huku tunaungua kidogo.' Leo aruke salamu kwa sababu ya picha?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Kisha nikaliangalia vizuri faili lililokuja na barua ile: mkia wa jina lake ulikuwa wa programu, si wa picha. Kicheko kikakatika. Ningebonyeza, harusi ya watu ingeliwa na kirusi.

"Tumpigie," nikasema, nikaweka spika. Mjomba alipoisikia tu sauti ya Mama, akaanza:

"Mwakeye, Melania! Magoti? Kuku yule kilema? Na yule jirani yako anayeumwa meno?"

"Shikamoo mjomba, hivi umetuma..."

"Marahaba! Una adabu wewe. Unaoa lini? Na mbuzi..."

Dakika zangu zikaishia kwenye mbuzi.

"Mama, hatujamuuliza!"

"Tumeshajibiwa. Huyu ndiye Gervasi. Huyo wa kwenye kompyuta simjui. Futa."

Nikafuta. Nikamwandikia mjomba meseji: kuna mtu anatuma barua kwa jina lako, badilisha neno la siri. Akajibu kwa meseji nne. Habari ya neno la siri ilikuwa kwenye ya nne.

Kwenye video, mjomba anawasalimia wageni kwa dakika kumi na moja. Nilikuwa nimezikata zote, niseme ukweli. Ijumaa nikazirudisha, hata pale anapomsalimia mpishi mara ya pili.

Jumamosi bwana harusi alisinzia kwenye dakika ya sita. Mama akapiga vigelegele peke yake hadi mwisho.