Safari ya Katikati ya Mwezi

Jepchumba alikuwa mjane, mkamuaji katika shamba la mzungu kule Dundori, na Mungu alikuwa amempa mtoto mmoja tu, Kimutai, aliyefanya kazi katika karakana ya reli mjini Nakuru. Mke wa Kimutai, Cherono, alibaki shambani wakakamua pamoja, mkwe na mama mkwe. Huo ulikuwa mwaka wa nne wa ndoa ya vijana hao, na kilio cha mtoto kilikuwa hakijasikika nyumbani humo.

Kosgei, ndugu wa marehemu mume wa Jepchumba, ndiye aliyechoka kungoja kwanza.

"Shemeji, msichana nimemwona kule Rongai," alisema. "Mahindi yakishavunwa tunakwenda kuposa."

"Ngoja kidogo."

"Ningoje nini? Ndugu yangu aliacha mwana mmoja. Unataka jina lake lizimike?"

Jepchumba aliinuka akachochea moto. Alipougua kichomi mwaka uliotangulia, ni Cherono aliyemlisha uji kwa kijiko, na usiku akamkalisha kitako apate pumzi. Ni nani angemleta mke mwenza juu ya mtu kama huyo?

Asubuhi moja walimkuta ng'ombe mmoja akizungukazunguka zizini na kuwapanda wenzake. Chini ya mkia wake ulining'inia ute mwangavu, unaovutika kama ute wa yai. Wamalwa, mchungaji, alimfunga kamba.

"Huyu apelekwe kwa dume leo leo, mama. Kesho atakuwa amepoa."

"Na bwana akitaka tungoje Jumamosi?"

"Bwana hampangii ng'ombe siku. Ng'ombe hujipangia mwenyewe."

Jepchumba alicheka, kisha akaanza kuhesabu siku kwa vidole. Kimutai alikuja nyumbani mwisho wa mwezi tu, akishapokea mshahara, akalala siku mbili na kurudi. Na kila alipokuja, nyuma ya nyumba, chini ya leso kuukuu, palikuwa na vitambaa vya Cherono vikikauka. Hedhi ya Cherono ilifuatana na mshahara wa mumewe kama ndama na mamaye. Miaka yote hiyo wameoana, na siku yenyewe hawajawahi kukutana!

Lakini mambo hayo unamwambiaje mke wa mwanao? Jepchumba alikaa nayo siku kadhaa, hata walipokuwa mtoni wakisugua ndoo akajikaza.

"Mwanangu, nikuulize neno la aibu?"

"Uliza, Mama."

"Damu ikishakwisha, kabla ya nyingine kuja, huwa unaona ute? Kama wa yule ng'ombe?"

Cherono alijifunika uso kwa mikono miwili.

"Naona," alisema. "Nilidhani ni ugonjwa. Nilidhani ndio unaonizuia kuzaa."

"Ukiuona tena, usiseme lolote. Funga leso yako nyekundu, mimi nitajua."

Siku Cherono alipoingia zizini na leso nyekundu kichwani, Jepchumba nusura amwage maziwa. Kabla jua halijapanda alikuwa amembembeleza Ephantus, dereva wa lori la viazi, ampakie mkwewe hadi Nakuru. Kimutai, alimwambia, anaumwa na hamu ya mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyuni. Cherono akapanda na kibuyu chake. Aliporudi keshokutwa yake hakusema mengi, ila kwamba mtu aliyeishi chumba kimoja na Kimutai alikubali kwenda kulala kwa jamaa zake, na kwamba mursik ilipendwa.

Mwisho wa mwezi vitambaa vikaanikwa tena. Cherono alikuwa na macho mekundu, hataki kumtazama mtu.

"Hata ng'ombe hurudishwa kwa dume," Jepchumba alimwambia. "Utakwenda tena."

Alikwenda tena. Safari hii Kimutai alipokuja mwisho wa mwezi, nyuma ya nyumba hapakuwa na kitu. Jepchumba hakuthubutu kuuliza. Mwezi wa pili nao ukapita hivyo hivyo. Ndipo asubuhi moja, harufu ya maziwa ya moto ikimpanda puani, Cherono alitoka mbio akatapikia nyuma ya zizi.

Jepchumba alimfuata, akamshika mgongo.

"Mama," Cherono alisema akijipangusa mdomo, "kwa hiyo mimi sikuwa na ugonjwa?"

"Hukuwa na ugonjwa hata siku moja. Tulikuwa tunakosea siku."

Msichana akalia kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni baada ya mlima mrefu. Jepchumba alimwacha alie.

Kosgei alipokuja baada ya mavuno, fimbo mkononi na koti la kuposea, Jepchumba alimmiminia chai kwanza, ndipo akamweleza, Cherono akiwa amesimama mlangoni na ndoo. Mzee aliiweka fimbo chini.

"Basi ng'ombe wangu wa mahari wamepona," alisema, akacheka hadi chai ikamwagikia koti. "Niongezee nyingine, shemeji. Na huyo binti apewe maziwa, sio kusimama tu na ndoo."